Kimulimuli na Kiza cha Mweru

Mtu aliyezaliwa pwani, awe wa Tanga, wa Unguja au wa Lamu, hahitaji kuhubiriwa kwamba maji yaweza kuwaka, kwa kuwa tangu utoto wake amekwisha kuona, usiku wa kiza, kasia likizama baharini likatoka limevikwa cheche, na samaki akipita chini ya ngalawa akaacha nyuma yake mchirizi wa nuru. Na akiwauliza wenye maarifa hujibiwa kwamba cheche hizo ni za viumbe wadogo mno, waogeleao kwa malaki katika maji ya chumvi, ambao kila wasukwasukwapo huwaka kitambo kisha huzimika. Mtu huyo huyo, safari ikimjaalia kufika Nchelenge, katika mkoa wa Luapula wa nchi ya Zambia, akashuka usiku hadi ukingoni mwa Ziwa Mweru na kutia mkono wake majini, hatapata hata cheche moja. Atayakoroga maji mpaka achoke, nayo yatabaki meusi vilevile.

Hali hiyo si ya Mweru peke yake. Baharini viumbe wenye nuru hawana idadi, tangu hao wasioonekana kwa jicho hadi ngisi na samaki wa kilindini, lakini katika maji matamu nuru ya viumbe ni adimu kupita kiasi: yuko konokono mmoja mdogo wa vijito vya New Zealand, aitwaye Latia, ambaye akisumbuliwa hutoa ute unaowaka, na wako mabuu wa vimulimuli wachache wa Asia waishio chini ya maji, na baada ya hao orodha huwa karibu imekwisha. Sababu moja itolewayo ni kwamba maziwa mengi ni machanga yakilinganishwa na bahari, tena hayana vilindi vya kiza cha milele ambamo taa ya kujitengenezea ina faida kubwa. Na Mweru, pamoja na eneo lake la kilomita za mraba 5,000 hivi, ni ziwa la kina kifupi, lisilofika mita 40 hata pale penye kina kirefu kuliko pote. Kwa hiyo katika pwani hii ya bara, atakaye nuru juu ya maji hana budi kuichukua mwenyewe, na atakaye nuru ya maumbile sharti ayape maji kisogo na kutazama nchi kavu, kwenye matete na mafunjo na mabonde yenye unyevu, ambako mvua zikianza mwezi wa Novemba kimulimuli naye huanza kazi yake.

Nitatangulia kusema habari za nuru ya mwanadamu, ingawa makala hii ni ya mdudu, maana wavuvi wa Nchelenge na wa Kashikishi iliyo jirani yake wanaijua kwa mikono yao kanuni ambayo wanafunzi wa elimu ya wadudu huisoma vitabuni. Samaki awanyimaye wavuvi hao usingizi ni chisense, wa jamaa moja na dagaa wa Tanganyika, mfupi kuliko kidole, ambaye mchana huanikwa mchangani na kisha kutiwa maguniani kwenda miji ya migodi, upande wa Zambia na upande wa Kongo pia. Uvuvi wake wa taa haukuwapo siku ambazo misafara ya Waswahili ilikuwa ikifika kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula, kutafuta pembe na shaba, wala zama za David Livingstone, ambaye aliandamana kwa muda na wafanyabiashara hao na kufika ukingoni mwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867. Ulishika nguvu katika robo ya mwisho ya karne ya 20, kwanza kwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi kwa taa za betri na za sola. Taa huwekwa juu ya maji, vijidudu vya majini hujikusanya chini yake, chisense huvifuata, na wavu wa matundu madogo ukawazunguka. Lakini mwezi ukipevuka kazi huharibika, kwa kuwa mbalamwezi huenea ziwa zima, taa ya mvuvi ikawa si kitu mbele yake, chisense wakatawanyika, na mitumbwi ikapandishwa mchangani mpaka mwezi uanze tena kuchelewa kutoka. Mvuvi wa taa basi hafanyi biashara kwa mafuta na betri peke yake. Rasilimali yake ya kwanza, ambayo haimgharimu hata ngwee moja, ni kiza. Kimulimuli anaishi kwa rasilimali iyo hiyo.

Mdudu huyu, ambaye wengi humhesabu kuwa ni aina ya nzi kwa sababu wamemzoea akiruka, kwa hakika ni mbawakawa, naye ni wa jamaa ambayo wataalamu huiita Lampyridae, yenye spishi zaidi ya 2,000 katika mabara yote isipokuwa ncha ya kusini ya barafu. Afrika yetu ina makabila yake, na mawili yaliyoenea sana ni Luciola na Diaphanes, ambayo mtu yeyote mwenye subira aweza kuyapambanua bila ya darubini: Luciola humetameta kwa vipande, akiwaka na kuzimika, na dume na jike wote wana mbawa, Diaphanes hutoa nuru ndefu tulivu, na jike wake hana mbawa kabisa, ana umbo la buu mkubwa, hata asiyejua humdhani ni mnyoo uliomeza kaa la moto.

Umshike Luciola mmoja kwa taratibu, umlaze chali juu ya kiganja, na utaona kwamba taa yake haiko kichwani wala mbawani bali tumboni, katika pingili za mwisho, ambazo mchana zina rangi nyeupe iliyofifia na ngozi yake ni angavu kuliko ngozi ya mwili uliosalia. Dume ana pingili mbili za namna hiyo, jike ana moja, na kwa alama hiyo hutambulikana hata akiwa amezima. Chini ya ngozi hiyo angavu kuna tabaka la chembe za kuwakia, na nyuma ya tabaka hilo kuna jingine lililojaa fuwele ndogo za mkojo mkavu wa mdudu mwenyewe, ambazo kazi yake ni kuirudisha nje nuru iliyotaka kupotelea ndani. Yaani maumbile yamechukua takataka ya mwili na kuifanya kioo cha taa. Katikati ya matabaka hayo hupenya mirija myembamba ya hewa, kwa kuwa mdudu hana mapafu, na hewa humfikia kila mahali kwa mirija inayofunguka ubavuni mwake. Ukiendelea kumtazama utaona pia kwamba kichwa chake kimefichwa chini ya ngao, na kwamba macho ya dume ni makubwa kupita kiasi cha mwili wake, jambo lisilo la bure, kwa sababu maisha yake ya utu uzima, ambayo aghalabu hayapiti wiki chache na ambayo baadhi ya spishi huyamaliza bila ya kula chochote, yote ni kutafuta jike kwa macho.

Utu uzima huo, hata hivyo, ndio sehemu fupi ya umri wake. Muda mrefu zaidi, miezi mingi na kwa spishi nyingine mwaka mmoja au miwili, kimulimuli ni buu atambaaye ardhini, na buu huyu ambaye watu hawamjui, tena wakimwona humponda kwa kiatu, ni mwindaji mwenye ustadi wa kutisha. Chakula chake ni konokono na makoa. Hufuata njia ya ute waliyoiacha, akamfikia konokono aliyemzidi ukubwa mara nyingi, akampanda gambani, kisha humuuma kwa taya zilizochongwa mfereji ndani yake, na kwa mfereji huo humtia maji yenye sumu ya kupoozesha. Huuma, akangoja, huuma tena, akangoja, na konokono akisha kulegea, maji yale yale huanza kuiyeyusha nyama yake ndani ya gamba, hata buu akaja kuinywa kama mchuzi. Kwa kuwa Mweru, sawa na maziwa yetu mengi, ina konokono wa majini wabebao kichocho, nimewahi kusikia hoja kwamba kimulimuli angefaa kufugwa ili awamalize. Hoja hiyo naiona ni ya haraka, maana mabuu wa huku ninaowazungumzia huwinda katika udongo wenye unyevu na majani yaliyooza, ilhali konokono wa kichocho wako majini, na wale wa Asia waishio majini si wenyeji wa nchi hii.

Buu huyo naye huwaka. Huwaka ijapokuwa hana mke wa kumwita wala mume wa kumjibu, na jambo hili liliwashughulisha wataalamu kwa muda mrefu, mpaka ikadhihirika kwamba nuru ya kwanza ya kimulimuli si ya mapenzi bali ni ya onyo. Mwaka 1978 Thomas Eisner na Jerrold Meinwald wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wenzao, walieleza kwamba katika miili ya vimulimuli wa Marekani mna sumu chungu ya jamaa ya ile itokayo katika ngozi ya chura, na ndege aliyewaonja huwatema. Mijusi wengine wafugwao, ambao si wa nchi za vimulimuli hao na kwa hiyo hawakupata kujifunza, wamekufa kwa kumeza mmoja tu. Nuru ya buu basi husema, kabla mdomo wa adui haujafika, kwamba hapa hapana chakula. Inaaminiwa kuwa wazee wa jamaa hii waliwaka kwanza wakiwa mabuu, kwa sababu hiyo ya kujikinga, na kwamba kuitumia nuru kwa posa ni uzushi uliokuja baadaye, juu ya msingi uliokwisha kujengwa.

Sasa tuitazame nuru yenyewe. Watu wa zamani waliihesabu kuwa ni moto, na si ajabu, kwa sababu mwanadamu kwa sehemu kubwa ya historia yake hakupata kuona taa isiyokuwa na joto. Kuni, mafuta, mshumaa, hata karabai, ambayo hung'aa kwa sababu kile kitambaa chake kimepashwa moto mpaka kikawa cheupe, zote hutoa nuru kidogo na joto jingi, na mvuvi aliyewahi kuishika karabai inayowaka hana haja ya kuelezwa habari hiyo. Kimulimuli ukimshika haunguzi. Wa kwanza kuonyesha kwamba nuru za namna hii huhitaji hewa alikuwa Robert Boyle, ambaye katika miaka ya 1660 alitia kipande cha gogo bovu liwakalo chini ya kioo, akaivuta hewa yote kwa pampu, nuru ikafifia, akairudisha hewa nayo nuru ikarudi. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1885, Mfaransa Raphaël Dubois alichukua mbawakawa wa Amerika mwenye taa, akaponda viungo vyake vya nuru katika maji baridi, akaacha mpaka vikazimika vyenyewe. Akaponda vingine katika maji ya moto, navyo vikazimika mara moja. Kisha akayachanganya maji hayo mawili, yote mafu, yote meusi, na nuru ikafufuka. Kutokana na jaribio hilo, lililokuwa rahisi hata mwalimu wa shule angeweza kulifanya, alitambua kwamba vitu viwili hushirikiana: kimoja huungua na kwisha lakini hakidhuriki kwa joto, nacho alikiita lusiferini, cha pili hakiishi bali huharibika kwa joto, nacho ni kimeng'enya alichokiita lusiferasi.

Kimebaki kitu cha tatu, na hicho ndicho kilichomtoa kimulimuli katika mambo ya kustaajabisha na kumtia katika mambo ya kufaa. Mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, kijana William McElroy, ambaye alikuwa akiwalipa watoto wa mji senti 25 kwa kila vimulimuli 100 waliomletea, alionyesha kwamba unga wa taa za wadudu hao uliokwisha kuzima huwaka tena ukitiwa ATP, yaani ile kemikali ambayo kila chembe hai, ya mdudu, ya mhogo, ya samaki na ya binadamu, huitumia kama sarafu ya nguvu zake. Lusiferini hushikana na ATP kwa msaada wa lusiferasi na chembe za magnesiamu, kisha oksijeni huingia, na kitu kinachozaliwa hutoka kimejaa nguvu kupita uwezo wake wa kuihifadhi, ikakibidi kuiachilia. Lakini badala ya kuiachilia kwa joto huiachilia kwa nuru, ya kijani iliyochanganyika na manjano. Vitabu vingi vya shule vingali vikisema kuwa nuru hiyo haina hasara hata kidogo. Mwaka 1960 McElroy na mwenzake Seliger walipima wakapata kwamba katika kila lusiferini 100 zilizoungua, 88 hutoa nuru, na hesabu hiyo ikasimama kwa muda wa miaka karibu 50, mpaka wataalamu wa Japani walipopima upya kwa vyombo bora zaidi, mwaka 2008, wakapata 41 tu. Mimi sioni kwamba kimulimuli ameshushwa cheo kwa hesabu hiyo. Balbu ya waya, ambayo babu zetu waliipokea kwa shangwe, hugeuza kuwa nuru sehemu moja hivi katika 20 ya umeme inaopewa.

Swali ambalo wasomaji huniuliza zaidi ya yote ni hili: awezaje kuwasha na kuzima kwa kasi ile, ilhali kemikali zikiisha kuchanganyika hazina swichi? Jawabu ni kwamba swichi yake ni pumzi. Chembe za taa zina kila kitu isipokuwa oksijeni, kwa sababu oksijeni yote iingiayo kwa ile mirija hunyakuliwa njiani na sehemu za chembe zinazohusika na kupumua, kabla haijafika ndani kwenye lusiferini. Ubongo wa mdudu ukitoa amri, neva huchochea kutokea kwa gesi iitwayo naitriki oksaidi, na gesi hiyo huzipumbaza sehemu zile zenye kupumua kwa kitambo kidogo, oksijeni ikapita bila ya kunyakuliwa, taa ikawaka. Gesi ikitoweka, wapumuaji huamka, oksijeni ikakatika, taa ikazima. Maelezo hayo yalitolewa mwaka 2001, na gesi hiyo ndiyo ile ile ilegezayo mishipa ya damu katika mwili wa binadamu.

Kwa swichi hiyo kimulimuli anaongea. Kila spishi ina mpangilio wake wa kuwaka, urefu wa mwako, muda wa kunyamaza, na wakati wa usiku wa kuanza. Dume huruka akitangaza, jike aliyetulia majanini humjibu baada ya kitambo maalumu, na kitambo hicho kikikosewa dume huenda zake, akijua kwamba huyo si wa kabila lake. Joto la hewa hubadili kasi, hata usiku wa baridi mazungumzo huwa ya pole na usiku wa joto huwa ya haraka, lakini wote wawili hubadilika pamoja na hivyo hawapotezani. Panapo lugha pana uwongo: mwaka 1965 James Lloyd alieleza habari za majike wa kabila moja la Amerika ambao huigiza jibu la majike wa kabila jingine, dume akateremka kwa furaha, akaliwa. Jike wa Diaphanes kwa upande wake hana maneno mengi. Hupanda juu ya jani au ukoka, hugeuza tumbo lake liangalie juu, akawasha, akangoja. Naye dume, mwenye mbawa na macho makubwa, huzunguka kimya akitafuta nukta hiyo moja ya kijani iliyosimama. Nukta hiyo ni hafifu mno. Haimulikii hata jani aliloshikilia jike mwenyewe isipokuwa kwa upana wa ukucha, na kuonekana kwake kote kunategemea kwamba pembezoni mwake pote pawe peusi.

Ugunduzi wa McElroy ulizaa mambo ambayo yamefika mbali na mashamba ya Baltimore. Kwa kuwa nuru haiwi bila ya ATP, na ATP haiwi bila ya uhai, unga wa kimulimuli umekuwa mizani ya kupimia uhai: viwanda vya maziwa na vya nyama, na hospitali vilevile, hupangusa meza kwa kijiti, hukitia katika dawa yenye lusiferasi, na kiasi cha nuru huwaambia ni uchafu kiasi gani umebaki pale panapodhaniwa kuwa pamesafishwa. Mwaka 1985 jeni ya lusiferasi ilitolewa katika kimulimuli na kunakiliwa, na mwaka uliofuata ulimwengu ulionyeshwa mche wa tumbaku uliotiwa jeni hiyo, ukiwaka kuanzia mizizi hadi majani. Picha ile iliwachekesha wengi. Lakini waliocheka hawakufikiri kwamba jeni iwezayo kutiwa katika tumbaku yaweza kutiwa pia katika kimelea cha malaria, na hivyo ndivyo ilivyofanyika: katika maabara, vimelea waliopewa lusiferasi hutoa nuru maadamu wako hai, hutiwa dawa inayochunguzwa, na nuru ikizimika hujulikana kwamba dawa imeua, na maelfu ya dawa hupimwa kwa njia hiyo katika muda ambao mtu mwenye hadubini angeutumia kuhesabu chache tu.

Hapa kimulimuli anarudi Nchelenge kwa njia ya mzunguko, kwa sababu Nchelenge, hilo halina siri, ni miongoni mwa mahali ambapo malaria imekita mizizi sana katika Zambia nzima. Mbu wake mkuu, Anopheles funestus, hupenda vinamasi vya kudumu vyenye majani, navyo ukingoni mwa ziwa ni vingi, na kwa ajili hiyo wilaya imefanywa moja ya vituo vya utafiti wa kimataifa wa malaria wa Afrika ya kusini na kati, pamoja na Macha iliyoko kusini mwa Zambia na Mutasa ya Zimbabwe. Wachunguzi hao hutundika ndani ya nyumba, karibu na chandarua alalamo mtu, mtego wenye balbu ndogo na feni: mbu huivamia balbu, feni humvuta, na asubuhi huhesabiwa. Basi mtu akisimama usiku mmoja kati ya Kashikishi na maji, ana taa tatu zenye kazi ya kuita: ya mvuvi iitayo chisense, ya mtego iitayo mbu, na ya kimulimuli iitayo mchumba, nazo zote tatu huharibiwa na mwanga mwingine ulio karibu.

Na mwanga mwingine umekuja. Mwaka 2020 jopo la wataalamu lililoongozwa na Sara Lewis wa Chuo Kikuu cha Tufts liliwauliza wenzao wa mabara mbalimbali ni nini kinachowatishia vimulimuli, na majibu yaliyotangulia yalikuwa matatu: kuharibiwa kwa makao yao, taa za usiku, na dawa za kuulia wadudu. Kuhusu hilo la mwisho napenda kutenda haki, kwa kuwa nimesikia lawama zikielekezwa pasipostahili. Upuliziaji wa dawa kuzuia malaria, ambao Nchelenge imeupata kwa miaka mingi, hufanywa katika kuta za ndani, nako buu wa kimulimuli hakai. Na hata kama angekaa, sidhani kuna mzazi wa Luapula ambaye angekubali mtoto wake aumwe na mbu ili mdudu apone. Dawa za kuhofiwa ni zile zimwagwazo mashambani juu ya udongo, na dawa za konokono, ambazo humnyima buu chakula chake.

Kuhusu taa, watu hutazama upande usiopaswa. Taa za chisense huonekana kwa mbali, nazo ni nyingi, na mgeni huzilaumu upesi. Lakini ziko majini, mbali na matete, na mazungumzo ya vimulimuli hupita katika umbali wa mita chache tu. Taa inayomdhuru ni ile ya juu ya mlango wa duka, ya nguzo ya barabarani, ya ukuta wa nyumba ya wageni iliyojengwa pale ambapo jana palikuwa na mafunjo, taa nyeupe yenye ubuluu ndani yake, iwakayo kutoka magharibi hadi alfajiri bila ya mtu kuihitaji. Majaribio ya Ulaya yameonyesha kwamba jike asiye na mbawa akiwaka chini ya taa kama hiyo hupata madume wachache sana, au hapati kabisa, na ajabu yake ni kwamba haondoki. Hukaa pale pale, usiku baada ya usiku, akiunguza akiba aliyoiweka tangu alipokuwa buu. Dume naye hupita karibu, asimwone.

Tiba ya jambo hili ni rahisi kuliko tiba ya mambo mengi ya siku hizi. Taa ya dukani ikifunikwa kwa kofia ya bati ili imulike chini mlangoni tu, badala ya kuimulikia nusu ya kijiji pamoja na angani, mwenye duka hapotezi mteja. Rangi ya manjano iliyoiva, ambayo pia haiwavuti wadudu wengi mezani, yafaa kuliko nyeupe kali. Na taa inayozimwa saa ya kulala huokoa betri. Haraka ya kuyafanya hayo imo katika umbo la huyu Diaphanes. Luciola, mwenye mbawa kwa dume na kwa jike, akifukuzwa na taa katika bonde moja aweza kurudi kutoka bonde jirani taa zikizimwa. Lakini jike wa Diaphanes hutaga karibu na pale alipozaliwa, buu wake hutambaa hatua chache tu katika umri wake wote, na bonde likisha kuwapoteza, hata kama kiza kitarudishwa mwaka wa pili, madume watakaoruka juu yake hawatakuta wa kuwajibu.